Kwani Mbale ni Nje?

Mwaka wa nne wa udaktari una ugonjwa wake, na dawa yake haiuzwi famasi. Ugonjwa wenyewe unaitwa "nje". Chuoni kwetu ukifika hapo unapewa wiki chache ujichagulie mwenyewe hospitali ya kujifunzia, hata kama iko ng'ambo. Basi hapo ndipo utawaona watu. Kantini, kwenye daladala, mpaka kwenye foleni ya bafu hosteli, stori ni moja tu: mwenzetu, unaenda wapi?

Mimi nilikuwa naenda London. Nilishasema hivyo mbele ya watu, kwa hiyo kurudi nyuma ingekuwa aibu. Mjomba wangu, fundi magari wa Tandika, aliahidi kunichangia nauli, naye alishaitangazia gereji nzima.

Nikaanza mipango. Barua ya chuo, taarifa ya benki, bima ya safari, chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hiyo chanjo ni sindano tatu, na ya mwisho huchomwa miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo wewe unayeota safari kama hii, anza mapema. Kisha nikasoma masharti ya viza. Uingereza inamruhusu mwanafunzi wa udaktari kuja kama mgeni, ila asilipwe, na asimtibu mgonjwa. Sikuudhika. Mgonjwa wa watu si daftari la kufanyia mazoezi. Nikajiambia, poa, nitasimama pembeni nitazame.

Kilichonishinda ni fomu. Ilikuwa na swali moja dogo: kwa nini unataka kuja kwetu? Wameacha mistari kumi. Nikaandika "kupanua upeo", nikafuta. Nikaandika "kujifunza mambo ya kisasa", nikafuta. Ukweli nilikuwa naujua: nilitaka picha nimevaa koti zito, nimesimama kwenye daraja la mto Thames, niwatumie washikaji. Sasa hilo utaliandikaje?

Wiki hiyohiyo nilikuwa wodi ya watoto. Akaja mama mmoja kutoka kusini, safari ya siku mbili, amembeba mtoto wa miezi kumi mwenye kichwa kikubwa. Ndani ya ubongo kuna vyumba vinavyotengeneza maji. Maji hayo hutiririka, kisha hufyonzwa. Njia ikiziba yanajaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga haijashikana, kichwa kinatanuka. Mtoto huyu alishawekewa mpira, wenyewe tunauita shanti, unaoteremsha maji kutoka kichwani hadi tumboni. Sasa mpira umeziba. Mtoto anatapika, macho yameelekea chini kama jua linalozama.

Akapasuliwa usiku, mpira ukabadilishwa. Asubuhi nikaenda na futikamba yangu kumpima kichwa. Mama akaniuliza taratibu, "Dokta, na ukiziba tena?"

Nikamwambia, "Mlete haraka, mama."

"Haraka," akarudia, kama anaonja chakula asichokijua. "Safari hii nimeuza mbuzi. Nyingine nitauza nini?"

Mimi si dokta bado, na jibu sikuwa nalo. Nikaandika sentimita zangu kwenye faili, nikaondoka.

Jioni nikaingia maktaba. Kumbe swali la yule mama lilishaulizwa zamani, tena si mbali. Mwaka 2000 daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, Benjamin Warf, alihamia Mbale, mashariki mwa Uganda, kwenye hospitali ya watoto ya CURE. Akakutana na jambo lilelile: shanti inafaa kama hospitali iko karibu. Ikiziba kijijini, mtoto anaweza kufa kabla mama hajapata nauli. Akaunganisha njia mbili. Kwa kamera nyembamba, daktari anatoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate njia mpya, halafu anachoma tishu inayoyatengeneza. Hakuna mpira unaobaki mwilini.

Si muujiza. Haimfai kila mtoto. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Mbale kwa watoto 100, wengine wamewekewa shanti, wengine wametibiwa kwa njia hiyo. Baada ya miezi 12 makuzi ya akili yao hayakupishana sana. Lakini asiye na mpira hana mpira wa kuziba. Warf baadaye alikwenda kufanya kazi Boston, na ujuzi akaenda nao. Hapo nilifunga kitabu kwanza. Ujuzi umetoka Mbale umekwenda Boston, na mimi jirani nakimbilia darajani kupiga picha!

Kesho yake nikaenda Tandika. Mjomba akaweka spana chini.

"Uganda? Kwani Mbale ni nje?"

Mafundi wakacheka. Nikangoja wamalize, nikamweleza habari ya yule mama na mbuzi wake. Akasikiliza huku anafuta mikono kwa tambara.

"Kwa hiyo wenzetu hawabadilishi mpira," akasema. "Wanafungua njia."

"Ndiyo, mjomba."

"Hmm." Akaokota spana. "Nauli ya basi si kubwa. Nyingine itabaki, utanunua viatu. Hivyo vyako vinanitia aibu."

Basi mipango imebadilika. Dar hadi Nairobi, Nairobi hadi mpakani Malaba, kisha Tororo, kisha Mbale. Viza Mtanzania hahitaji. Nina paspoti, na kadi ya homa ya manjano, ambayo lazima uwe umechanjwa siku 10 kabla ya kuvuka. Kule nako nitasimama pembeni nitazame, sijidanganyi. Barua nimeshatuma, jibu bado. Wanaweza wakakataa.

Ila safari hii sikufuta kitu. Walipaswa kujua kwa nini nataka kwenda, nikaandika mistari miwili: kuna mama aliniuliza swali wodini nikashindwa, naomba nije nione mnavyolijibu.

Mjomba bado anawaambia wateja kwamba mpwa wake anakwenda nje. Wakimuuliza wapi, anaingia chini ya gari.