Mwezi si Kigeugeu

Kiingereza kina neno fupi, "fickle", ambalo limenisumbua kuliko maneno mengi marefu ya falsafa. Wenyewe hulitumia kila siku na kwa kila kitu: hali ya hewa, bahati, rafiki, mashabiki wa mpira, moyo wa mpenzi, vyote hubebeshwa neno hilo hilo. Katika Kiingereza cha kale lilimaanisha mdanganyifu. Maana hiyo ilififia, ikabaki ile ya kugeukageuka. Lakini harufu ya uwongo wa kwanza haijatoka. Anayeitwa kwa neno hilo hasifiwi.

Nalo lina ndugu wengi. Yuko "changeable", mpole, asiyelaumu sana. Yuko "inconstant", mkaaji wa vitabuni. Yuko "volatile", mzaliwa wa neno la Kilatini lenye maana ya kuruka, ambaye leo huelezea petroli ipaayo hewani, bei zipandazo na kushuka, na watu wepesi wa hasira. Yuko pia "mercurial", mtu wa zebaki, asiyeshikika kiganjani. Mfasiri akifungua kamusi, mara nyingi hukuta upande wa pili jibu moja: kigeugeu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kigeugeu ni neno zuri. Limetokana na kugeua, likarudiwa, na sikio linausikia ule mzunguko wenyewe. Ila haliko peke yake. Jirani yake ni ndumilakuwili, aitwaye kwa jina la nyoka anayedhaniwa kuuma kwa ncha zote mbili. Wawili hawa si mamoja. Kigeugeu leo yu hapa na kesho yu kule. Ndumilakuwili yu hapa na kule saa ile ile, nawe hujui. Ila ya wa kwanza ni ya wakati, ya wa pili ni ya siri. Kuna bendera ifuatayo upepo, yaani mtu asiye na lake. Kuna uso uliotaghayari, ambao haukubadilika kwa hila bali kwa habari uliyoipokea. Na kuna kinyonga, aliyedhulumiwa na lugha zote mbili. Kwani wataalamu wa viumbe wameonyesha kwamba hageuzi rangi kwa kujificha tu, bali pia kwa joto na baridi, kwa hasira, na kwa kujitambulisha kwa wenziwe. Tulimwita mnafiki, kumbe anasema kweli kwa ngozi yake.

Ugumu ulinifika hasa nilipokuwa nikifasiri, kwa kujifurahisha, ile tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet. Juliet anamkataza mpenziwe asiape kwa mwezi, maana mwezi hubadilika, naye anachelea mapenzi yasije yakawa vivyo hivyo. Lakini msomaji wa kisiwani atasemaje? Kwetu mwezi ndio tunaoufungia na kuufungulia saumu. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua. Robo zake huleta maji mafu. Na mwanamke anayekwenda pwani kusaka pweza hupanga siku zake kwa hesabu hiyo. Mwezi hubadilika, naam, lakini haujapata kuvunja miadi. Nikiuita kigeugeu, msomaji wangu atamcheka Juliet badala ya kumwonea huruma. Nikaandika "mwezi usiodumu na umbo moja", ili lawama ishike sura ya mwezi, isishike tabia yake.

Hali ni hiyo hiyo kwa pepo. Kati ya kusi na kaskazi kuna majira ambayo upepo hauna upande wa kutegemewa. Wazee wa bahari waliyaita tanga mbili. Hawakuutukana upepo huo. Waliupa jina, na jina likawa onyo.

Marehemu baba yangu alikuwa nahodha wa mashua. Zaidi ya mara moja alitweka tanga, akalitazama wingu, akalishusha tanga. Abiria waliokwisha kupakia mizigo wakanung'unika: "Nahodha huyu kigeugeu!" Naye akiwajibu bila ghadhabu: "Jana nilikuahidini safari, na jana palikuwa na upepo mwingine." Alifariki kitandani mwake, mzee, katikati ya wajukuu. Si kila nahodha wa rika lake aliyejaaliwa hivyo.

Humkumbuka kila nisomapo Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, naye akaisahihisha na kuitoa upya mwaka 1969. Asubuhi ile ya mwisho Kaizari anakusudia kutoka. Mkewe aliyeota ndoto mbaya anamsihi, naye anakubali kubaki. Kisha anakuja Decius na maneno matamu, naye anageuka tena na kwenda. Muda mfupi kabla ya kuchomwa majambia, mtu huyu huyu anajisifu kuwa hatikisiki, mfano wa nyota ya kaskazini. Alipogeuzwa na hofu ya mkewe alikuwa salama. Alipogeuzwa na sifa aliangamia. Halafu umati wa Roma unamshangilia Brutus, na punde tu baada ya hotuba ya Antony unakimbilia kuchoma nyumba. Hao ndio bendera.

Nayasema haya kwa sababu neno kigeugeu siku hizi hurushwa barazani kama jiwe. Binti aliyekubali posa, kisha akapata habari za tabia ya mchumba akaikataa, huitwa kigeugeu. Mchumba mwenyewe haitwi kitu. Mzee anayehama chama alichokipenda ujanani hupewa jina hilo kabla hajafungua kinywa kueleza. Lugha yetu imetupa mizani ya kumpima kila mmoja wao kwa haki yake, nasi twashika jiwe moja na kuwapiga nalo wote.

Kwa hiyo kijana anaponiletea shairi la kumlaani mpenzi kigeugeu, humwuliza kwanza: aligeuzwa na nini? Akiwa hana jibu, humwambia kwamba shairi halijaisha.