Unalipia Maji Gani?

Kule Unguja, bei ya chumba cha ufukweni inategemea sana kupwa na kujaa kwa maji. Upande wa mashariki, Paje na Jambiani, maji yakipwa bahari hurudi nyuma mbali kuelekea kwenye mwamba, ikaacha uwanda wa mchanga, majani na vidimbwi. Mgeni aliyekuja kuogelea anabaki ameshika taulo. Nungwi na Kendwa, kaskazini, maji hayakimbii hivyo. Unaogelea karibu saa yoyote, na hoteli zinajua thamani ya hiyo saa yoyote.

Sasa tuambiane ukweli. Wengi wetu tunaovuka kutoka bara hatujui kuogelea. Tukifika tunakunja suruali, maji yakigusa magoti tunapiga picha, kisha tunaulizia chakula. Sidharau mtu, nami nimo. Ila nashangaa tunavyong'ang'ania kulipia bahari ya Nungwi kwa ajili ya magoti.

Mimi napenda Jambiani, tena maji yakiwa yamekupwa. Ndipo kijiji kizima kinashuka baharini: wengine kutafuta pweza kwenye mawe, kina mama kwenye mashamba ya mwani, kamba zimevutwa kati ya vigingi na vishada vimefungwa kimoja kimoja. Nilimkuta mama mmoja amekaa kwenye maji ya kiunoni, buibui amelikunja, vidole vinafunga bila hata kuviangalia. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Umefikia wapi?" Nikamtajia. "Wanakutoza ngapi?" Nikamtajia pia. Akacheka mpaka kamba ikamponyoka. "Kwa pesa hizo ningekupa nyumba nzima, na futari juu!" Nami nilikuwa nimejipongeza kwamba nimepata pa bei nafuu.

Tangu hapo, mtu akiniuliza kisiwa gani kinamfaa, siulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namuuliza atakuwa anafanya nini saa nne asubuhi. Fedha nyingi za likizo huenda kwenye vitu ambavyo mlipaji havitumii: maji asiyoogelea, ukimya asiouweza, bwawa lililochimbwa hatua chache kutoka baharini. Tunanunua likizo ya mtu mwingine, mara nyingi yule tuliyemwona kwenye simu.

Chukua Mafia. Inasifiwa kuwa ghali, na ukifikia hoteli za Utende ni ghali kweli, kwa sababu huko uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na kila siku ina kiingilio chake juu ya chumba. Anayezamia kutazama matumbawe alipe tu. Hapo fedha yake inafanya kazi. Lakini papa potwe, ambao wengi ndio wanaowafuata, huja kula karibu na Kilindoni, kati ya Oktoba na Machi hivi. Kilindoni ni mji wa kawaida, una gesti za kawaida, na usafiri wa majini unatoka Nyamisati, unapita kwenye mikoko ya delta ya Rufiji kabla ya kukutana na bahari yenyewe. Tumbo likivumilia mawimbi, mfuko unapona. Tumbo lisipovumilia, kata tiketi ya ndege wala usione haya.

Lamu nayo ina mlango wake wa nyuma: basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, halafu boti fupi. Pemba ni ya mtu anayependa kijani na asiyehitaji muziki usiku.

Kuhusu chakula, kanuni yangu ni moja. Kilichovuka maji kimeongezewa nauli, na nauli hiyo unailipa wewe. Viazi na vitunguu vingi vya Unguja vinatoka bara, bia kadhalika. Muhogo, nazi, ndizi na samaki viko hapo hapo. Mtu anayeagiza chipsi na soda asubuhi, mchana na jioni, kisha analalamika kwamba Zanzibar ni ghali, kwa kweli anachokilipia ni kuihamisha Sinza ikavuka bahari.

Msimu sitausemea sana. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, hoteli hushusha bei na nyingine hufunga kabisa, Desemba hupanda. Mwenye likizo ya shule hana la kuchagua. Asiye na watoto wa shule halafu akaenda Krismasi, sijui nimsaidieje.

Mwezi uliopita mpwa wangu alikuja kuniuliza habari za fungate. Alikuwa ameshaona hoteli huko Kendwa, bei yake ingemmalizia michango ya harusi. "Mjomba, ila ufukwe wake ni mzuri sana." Nikamuuliza kama bibi harusi anajua kuogelea. Akanyamaza kidogo, akaniambia hajawahi kumuuliza. Nikamwambia akamuulize kwanza, ndipo tuzungumze habari za hoteli.