Jua Lililochomoza Saa Nne

Mwanangu, kila mwaka ikikaribia Septemba hakosekani kijana wa ukoo wetu anayekuja kuniaga. Mmoja anakwenda Ufini kusomea uuguzi, mwingine Kanada, mwingine Norwe kumfuata mumewe. Wote huja na swali moja, kwa kuwa wanajua nilikaa Urusi: babu, ile baridi mliivumilia vipi? Nami huwajibu kwamba baridi si kitu cha kumnyima mtu usingizi. Baridi ina koti lake, ina buti zake, ina supu yake, na nyumba za kule zina mabomba ya maji moto hata mtu akalala kifua wazi huku nje barafu imeganda. Cha kuuliza ni giza, na sijampata hata mmoja aliyeniuliza habari za giza. Ndiyo maana nimeona nikuandikie, kabla hujafunga mizigo.

Nilifika Leningrad, mji ambao leo umerudia jina lake la Saint Petersburg, Septemba ya 1981, miaka miwili tu tangu vita vya Kagera viishe. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea hali ya hewa. Tulishuka Moscow na ndege ya Aeroflot, kisha tukapanda treni ya usiku, na chai tuliyopewa humo ilikuwa kwenye bilauri ya kioo iliyovikwa kishikio cha chuma. Nakumbuka niliitazama sukari waliyotuwekea nikaona haya kuimaliza, maana nyumbani Tanga nilikuwa nimemwacha mama amepanga foleni ya sukari na sabuni tangu alfajiri. Posho yetu wageni ilikuwa rubo 90 kwa mwezi, na mwanafunzi wa Kirusi alipata 40. Metro ilikuwa kopeki 5, tramu 3, na kwa kopeki 20 ulipata kikombe cha aiskrimu, ambacho wenyeji walikila barabarani theluji ikiwaangukia kofiani. Bweni letu lilikuwa upande wa Petrograd wa mto Neva. Ngazi zake zilinuka moshi wa sigara za Belomorkanal na klorini ya kupigia deki; jikoni kulinuka kabichi, na jioni Wavietinamu wa ghorofa yetu walipokaanga samaki wa chumvi, Warusi walikimbia wameziba pua na mimi nikabaki pale mlangoni, machozi yananilengalenga kwa kukumbuka nyumbani. Mlangoni pa bweni alikaa bibi mmoja wa zamu, uso umejaa makunyanzi, shali ya sufu mabegani, ambaye hakumruhusu mtu kutoka bila kofia. Tulimwita mama na yeye akatuita wanangu, na alimaanisha.

Majira ya baridi ya kwanza yalipita tukiwa tumepumbazwa na ugeni. Theluji ilikuwa ajabu, lugha ilikuwa ngumu, kila siku ina jipya lake. Ni ya pili, yale ya mwisho wa 1982, yaliyonionyesha nilikuwa wapi. Sisi Waswahili saa zetu zinaanza na jua; likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja ni saa yake ya kwanza angani. Sasa fikiria mtu aliyekua na hesabu hiyo akafika mahali ambapo Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi alasiri. Mchana mzima haufiki saa sita. Kwetu Tanga, nyuzi tano tu kusini mwa ikweta, siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote zinapishana kwa nusu saa na dakika chache, wala hakuna anayetambua. Kule, nyuzi 60 kaskazini, zinapishana kwa saa 13. Na hilo jua lenyewe adhuhuri ya Desemba linapanda nyuzi zisizofika saba juu ya upeo wa macho, limejificha nyuma ya mawingu, hata mwezi mzima ukiuchanga unapata saa chache tu za jua la kuonekana. Nilikuwa nikizipiga hesabu hizo darasani, ndiyo kazi niliyokwenda kusomea. Tuliokuwa tukiswali tuliona sala za adhuhuri, alasiri na magharibi zikifuatana ndani ya saa tatu hivi, na ukitoka msikitini, ule wenye kuba la vigae vya buluu karibu na kituo cha Gorkovskaya, taa za barabarani zimekwishawaka.

Ugonjwa wenyewe uliingia kimyakimya. Brezhnev alifariki tarehe 10 Novemba mwaka ule, na siku ya mazishi ving'ora vya viwanda vililia mji mzima. Mimi nilikuwa kitandani. Nilivisikia, nikajigeuza upande wa pili. Kwanza lilikuja lepe la usingizi lisilokwisha: nalala kwa muda wa saa kumi na mbili, naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Kisha ikaja njaa ya ajabu ya wanga. Samaki sikumtamani, nyama sikuitamani; nilitaka mkate, viazi, sukari, na yale maandazi ya mviringo yenye tundu, yaliyonyunyiziwa sukari ya unga, yaliyouzwa kwenye duka moja mtaa wa Zhelyabova ambako harufu ya mafuta ya moto ilikupokea kabla hujaona mlango. Nguo zikanibana. Kisha, na hili ndilo zito, hamu ikaniondoka. Kitabu kinafunguliwa na ukurasa haugeuki. Barua ya mama iko mezani tangu wiki mbili na mkono hauendi kwenye kalamu. Jumamosi wenzangu wa Afrika Mashariki walikuwa wakikutana chumba kimoja, wanasonga ugali kwa zile chenga za ngano ambazo Warusi wanazipikia watoto uji, redio ya masafa mafupi inakoroma idhaa ya Kiswahili, kicheko mpaka ukumbini. Mimi nasikia vicheko na sioni sababu ya kushuka ngazi. Sikuwa na huzuni ya jambo lolote. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniudhi. Moyo ulikuwa mzito tu.

Na aibu juu yake. Ungemwandikia nini mama anayepanga foleni ya sabuni? Kwamba mwanao amelala chumba chenye joto, ana mkate, ana posho, na hawezi kuinuka? Wengi wetu tulinyamaza kwa sababu hiyo, na kunyamaza kulituumiza kuliko giza. Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Ziwa Nyasa, mweusi wa kung'aa, mwenye meno ya mwanya na sauti ya chini, hodari wa hesabu kuliko sote, tukimpelekea maswali kama wanafunzi wake. Kufika Desemba alikuwa analala uso umeelekea ukuta. Tulimzunguka kila mmoja na lake: huyu akasema amerogwa na jamaa waliomwonea kijicho, yule akasema ni mapenzi, wengine wakasema ni mvivu aliyejificha siku zote. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema anaumwa. Ofisi iliyohusika iliandika sentensi moja kwamba mwanafunzi huyu hana bidii, na Februari akarudishwa nyumbani. Miaka mingi baadaye nilionana naye Songea, anafundisha sekondari, mzima, mcheshi. Akaniambia kwamba hakumaliza mwezi nyumbani kabla ya akili yake kumrudia yote. Lakini kwao alibaki na jina la mtu aliyefukuzwa Urusi, na jina hilo walimwita hata watoto wa nduguze. Kila nikimkumbuka nakasirika. Machi isingekuwa mbali kama angepatikana mtu wa kumshika mkono hadi ifike.

Mimi nilishikwa mkono na daktari wa zahanati, mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, nywele nyeupe amezibana nyuma, mikono inanuka sabuni ya dawa. Bibi wa zamu ndiye aliyenipeleka, amenishika kiwiko, baada ya kuona siku kadhaa kofia yangu haipiti mlangoni kwake. Daktari yule alikuwa binti mbichi wakati mji ulipozingirwa na Wajerumani, ile baridi ya 1941 kuingia 1942, mgawo wa mkate uliposhuka hadi gramu 125 kwa siku kwa wasiokuwa wafanyakazi wa viwandani. Nilitazamia anikemee, aniambie kijana mwenye afya unalalamikia nini. Hakunikemea. Aliniuliza ninakotoka jua linachomoza saa ngapi, akatikisa kichwa, akaandika. Aliniambia kwamba katika baridi ile ya njaa aliona kwamba aliyelala kitandani mchana hakuamka, na aliyetoka kwenda kuchota maji mtoni alikuwa na nafasi yake. Akanipa amri: kila siku saa sita kamili mchana mzinga wa ngome ya Petropavlovsk hulia, na unasikika upande wote wa Petrograd, ukilia, uwe umevaa na uwe nje, na usirudi ndani mpaka saa nzima ipite. Utake usitake. Hakuniambia nisubiri hamu inijie, alijua haitakuja. Akaniandikia pia taa ya miale ya urujuanimno, tukasimama mbele yake na watu wengine tumevaa miwani myeusi, chumba kinanuka ozoni, na akanituma kwenye bafu lao la mvuke kila wiki, ambako wazee hupigana mgongo kwa matawi yenye majani.

Basi nikawa mtu wa mzinga. Siku za mwanzo ilikuwa adhabu tupu; bibi wa zamu alinisukuma kwa kiganja. Nilitembea ukingo wa Neva iliyoganda, wavuvi wamekaa juu ya barafu kila mmoja na tundu lake, na ile nuru hafifu ilirudi usoni kutoka kwenye theluji. Sikupona kwa wiki moja. Lakini barua ya mama niliijibu, nikafanya mtihani wa Januari, na Jumamosi moja nikashuka ngazi kula ugali. Mwisho wa Februari jua lilipoanza kupanda, nilikuta chini ya ngome jambo ambalo sijaliona tena popote: wazee wa Leningrad, wanaume kwa wanawake, wamevua makoti, vifua wazi, wameegemea ukuta wa mawe unaoelekea kusini, barafu iko hatua chache mbele yao, macho wameyafumba na nyuso wamezielekeza juani. Hawakuzungumza. Wale walikuwa wenyeji wa kule tangu mababu zao, na bado walilitafuta jua kwa juhudi zile. Nilivua kofia nami nikasimama ukutani, na mzee mmoja akasogea kunipa nafasi.

Maelezo ya kitaalamu ya ugonjwa ule niliyapata baadaye sana, na ilinifurahisha kuona mwenzetu wa bara hili ana mkono wake humo. Daktari Norman Rosenthal alizaliwa Afrika Kusini, akahamia Marekani 1976, na baridi ya New York ikamlegeza kwa namna ambayo jua la Johannesburg halikuwahi kumlegeza. Mwaka 1984, mimi ningali Leningrad, yeye na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walichapisha maelezo ya sonona hii inayokuja na kuondoka kwa majira: usingizi mwingi, njaa ya wanga, mwili mzito, kujitenga na watu. Nilisoma nikajiona. Kabla yao, 1980, Alfred Lewy na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba mwanga mkali huzima homoni ya usiku iitwayo melatonini katika damu ya binadamu, na katika jaribio lao mwanga wa kiasi cha taa za kawaida za chumbani haukutosha. Saa ya mwili iko ubongoni na hupata habari zake kupitia macho. Kwa hiyo ile taa tuliyosimama mbele yake tumeziba macho huenda ilitusaidia ngozi na mifupa, lakini naamini kilichoniinua ni mzinga wa saa sita, maana hata chini ya mawingu nje kuna mwanga mara nyingi zaidi ya ule wa ndani.

Siku hizi mna nyenzo sisi hatukuwa nazo. Zipo taa zilizotengenezwa kwa ajili hii, za lux 10,000, zisizo na miale ya kuunguza. Mtu huiweka mezani pembeni kidogo asubuhi mapema na kunywa chai karibu nayo nusu saa hivi, bila kuikodolea macho. Mwenye ugonjwa wa macho, au aliyewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi hadi halali, amuone daktari kwanza. Vitamini D watakupa, na sisi wenye ngozi nyeusi tunaihitaji zaidi kule, ila usidhani kidonge hicho kitafanya kazi ya jua yote. Anza Oktoba, usingoje mpaka ulale uso ukutani. Na yakikujia mawazo ya kufa, usikae nayo mpaka kesho. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na unipigie simu hata iwe usiku wa manane.

Na ninyi mnaobaki huku Tanga, sikilizeni. Ikifika Novemba, ndugu yenu aliyeko kaskazini akaacha kupokea simu, msiseme ameshakuwa Mzungu, msiseme ana maringo. Mpigieni tena kesho yake, saa sita mchana kwa saa za kwake, na mkimpata chumbani mwambieni avae koti atoke nje, nanyi mbaki naye kwenye simu mpaka amefika barabarani.