Juni Milimani Mbeya: Anga Safi, Njia Telezi

Shule zinapofungwa mwezi Juni, familia nyingi za Mbeya na Iringa hupenda kuwapeleka watoto milimani. Masika yamekwisha, anga ni safi, na Kilele cha Mbeya, chenye mita zipatazo 2,800, huonekana karibu kana kwamba ni cha kufikiwa kabla ya adhuhuri. Sisi tuliozoea kupanda na vijana wetu twapenda kuwakumbusha wazazi kwamba mbingu za Juni hukauka mapema kuliko ardhi.

Theluji huku kwetu hakuna. Hiyo tumewaachia watu wa Kilimanjaro. Tulicho nacho ni jalidi, yaani umande unaoganda usiku ukayafanya majani kuwa meupe. Katika uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, anayekwenda Juni hukuta baridi hiyo mahali pa maua, kwani maua ni ya msimu wa mvua.

Alfajiri njia huwa ngumu; jua likipanda, jalidi huyeyuka na udongo ukawa utelezi. Chini ya mikaratusi, majani na magome yaliyoanguka huteleza vilevile, na huko juu nyasi ndefu huficha mawe na mashimo. Kushuka ndiko kunakoangusha wengi. Kila mtu na ashike fimbo, avae viatu vyenye meno. Baibui likilowa huwa zito na kunasa miguuni. Akina mama na walipandishe kwa mkanda juu ya suruali.

Mlima Rungwe una tabia yake. Pepo zitokazo upande wa Ziwa Nyasa huuletea mawingu hata wakati wa kiangazi, hivyo njia ya msituni hubaki na tope wakati Mbeya kuna vumbi. Ndugu zetu wa Mufindi wanaujua ukungu wa namna hiyo.

Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa nyuzi zipatazo 6. Mtoto aliyelowa akapigwa na upepo, akaanza kutetemeka, kujikwaa na kutamka maneno kwa shida, yu hatarini. Avuliwe nguo mbichi, avishwe sweta kavu, anyweshwe chai ya moto yenye sukari, kisha ashushwe bila kungoja wenzake wafike kileleni.

Ama sala, tuchukue maji ya udhu katika chupa ya chai yangali vuguvugu. Msafiri anayo pia ruhusa ya kupaka juu ya khofu alizozivaa akiwa na udhu. Sharia haikumtaka mtu ajidhuru.

Mwisho, kiongozi apange saa ya kugeuka kabla ya kuondoka nyumbani. Saa 6 mchana yatosha, kwani jua la Juni huzama kabla ya saa 1 usiku. Saa hiyo ikifika, wote warudi, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu.