WALIKULA HARUSI MOJA



Wengi mmenitumia video za vita zinazoendelea duniani, na swali ni lile lile: "Pastor, si hizi ndizo dalili?" Yesu alisema tutasikia habari za vita, na hilo silipingi. Lakini kujua kwamba vita vitakuwapo si kujua vinatoka wapi. Yakobo ndiye aliyeuliza vinatoka wapi, sura ya nne, na hakuwauliza majenerali. Aliwauliza watu wa kanisa! Jibu lake ni tamaa iliyo ndani ya mtu.

Mei 1913 kulikuwa na harusi Berlin. Kaiser Wilhelm wa Ujerumani alikuwa anamwoza binti yake. Mfalme George wa Uingereza alifika, na Nicholas, mfalme wa Urusi, pia alifika. Hawa hawakuwa wageni tu. George na Wilhelm walikuwa wajukuu wa nyanya mmoja, Malkia Victoria. George na Nicholas, mama zao walizaliwa tumbo moja. Wakala, wakapiga picha.

Agosti 1914 majeshi yao yalikuwa yanauana.

Vitabu vitakupa sababu nyingi: risasi ya Sarajevo, mikataba ya kusaidiana, makoloni. Zote ni za kweli. Lakini Wilhelm tangu ujana wake alikuwa akitazama meli za kivita za kina nyanya yake kwa jicho la husuda, na alipotawala akaanza kujenga zake. Mwingereza akaona, akaongeza. Hakuna aliyetaka kuwa mdogo. Hata siku za mwisho kabisa Wilhelm na Nicholas walikuwa wakitumiana telegramu wakiitana kwa majina ya utotoni, Willy na Nicky, huku wanajeshi wakiitwa kambini.

Na wote waliomba, wapendwa. Askari wa Kijerumani alivaa mshipi ulioandikwa kwamba Mungu yuko pamoja naye. Upande wa pili makasisi waliwaombea ushindi askari wa Mwingereza. Hapo mimi kama mchungaji hunyamaza kidogo.

Sasa, nani alibeba? Ukienda Kariokor pale Nairobi kununua kiondo au kula nyama choma, jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Mwafrika wa Ukambani, wa Nyanza, wa Mlima Kenya, alichukuliwa, wengi kwa lazima, akabebeshwa unga na risasi kuwafuata Wajerumani Tanganyika hadi ng'ambo ya Rufiji. Ugomvi wa binamu watatu ambao hakuwahi hata kuwaona! Makumi ya maelfu hawakurudi, na waliouawa na risasi ndio wachache. Wengi walimalizwa na kuhara, malaria na njaa. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana.

Nicholas naye aliuawa na watu wake 1918, pamoja na mke na watoto. Lakini Kaiser alikimbilia Uholanzi, akaishi kwenye jumba lake akipasua kuni hadi 1941.

Kwa hiyo ukinitumia video nyingine, nitaitazama na nitaomba. Lakini pia nitakuuliza kuhusu yule ndugu ambaye hamsalimiani, na vijana wa boma lako mnaowatuma usiku kung'oa mipaka.

Nasema hivi kwa sababu ndugu wawili wa kanisa letu (wameniruhusu niseme, bila majina) wamenijia mwezi huu, kila mmoja peke yake, niwaombee washinde kesi ya shamba moja. Wote wana imani. Wote wametoa sadaka. Nimekataa maombi yote mawili, nikawaita Alhamisi saa kumi, waketi meza moja. Mama Mchungaji atapika chai. Mmoja amekubali. Mwingine bado hajajibu simu yangu.

Tuombeeni.