Picha za Ukambani Zilizofika Stockholm

Kigoda cha mzee wa Kikamba, chenye miguu mitatu na nakshi za nyaya nyembamba za shaba, kikiwekwa peke yake ndani ya sanduku la kioo hakisemi neno. Mtazamaji hawezi kujua ni nani aliyestahili kukikalia, wala kilichukuliwaje njiani. Ndiyo sababu majumba ya makumbusho yalikuja kuitegemea picha.

Hapo mwanzo zilipigwa picha za vitu tu. Katika miaka ya 1850, British Museum ya London ilimpa Roger Fenton kazi ya kupiga picha za sanamu na vibao vyake vya kale, na chumba chake kikajengwa juu ya paa ili apate nuru ya kutosha. Mtu wa Kitui angecheka kusikia kwamba kuna nchi ambako jua hufuatwa mpaka darini! Tena siku zile kioo kilipakwa dawa, na picha ikapigwa kabla dawa haijakauka. Safari ndefu ilikuwa taabu tupu. Mwaka 1871 Richard Leach Maddox alieleza namna ya kutengeneza vioo vya dawa kavu, na baada ya hapo mpiga picha aliweza kwenda popote.

Mmoja aliyefika Ukambani ni Bwana Gerhard Lindblom wa Uswidi. Kati ya mwaka 1910 na 1912 alikaa na Wakamba katika wilaya za Machakos na Kitui (Makueni haikuwa wilaya mpaka mwaka 1992), akijifunza lugha yao, akikusanya vyombo na kupiga picha. Kitabu chake kikubwa kilitolewa Uppsala mwaka 1920, na baadaye akawa mkuu wa makumbusho ya Stockholm.

Kazi hiyo yastahili shukrani, lakini ina pengo. Katika picha nyingi za makumbusho za siku hizo, aliyeandikwa ni kabila, si mtu: mwanamke wa Kikamba, mzee wa Kikamba. Mama huyo alikuwa na jina, ukoo na kijiji. Aliyekuwa mtoto mwaka 1912 hayupo tena kujibu. Lakini vilima vya Kitui havijahama, na sura hurithiwa. Nakala zikiletwa barazani, huenda mjukuu mmoja akasimama na kusema, “Huyu ni wa kwetu,” kisha akalitaja jina.