Portland Ipi, Mama?



Juma hili tumejikuta tukisoma jiografia ya Marekani ofisini petu bila kutarajia, nasi tumeona vema kuwashirikisha, kwa kuwa wengi wenu mna watoto na ndugu huko. Nchi ile ni kubwa, lakini majina ya miji yake ni machache kuliko miji yenyewe. Iko Springfield ya Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1636; iko ya Illinois, alikoishi Abraham Lincoln kabla ya kuwa Rais; iko ya Missouri, ya Ohio, ya Oregon, na nyingine nyingi. Hizo tatu za kwanza zote ni makao ya Askofu. Kansas City nayo ni miji miwili iliyopakana, mmoja katika Missouri na mwingine katika Kansas, kila mmoja na Askofu wake. Na ulio mkubwa ni ule wa Missouri, jambo ambalo hakuna angelikisia.

Wahamiaji walikwenda na majina ya kwao kama mkulima aendavyo na mbegu. Mwaka 1845, huko Oregon, wenye ardhi wawili walishindana juu ya jina la mji wao mpya. Asa Lovejoy, mtu wa Massachusetts, alitaka uitwe Boston. Francis Pettygrove, aliyetoka Maine, alitaka Portland. Wakarusha sarafu ya senti moja mara tatu, Pettygrove akashinda mara mbili. Sarafu yenyewe imehifadhiwa huko Oregon hadi leo. Basi kwa senti moja zikawako Portland mbili kubwa, moja ufukoni mwa Atlantiki, nyingine upande wa Pasifiki, na bara zima katikati yake.

Hapo ndipo tulipokwama. Mama mmoja wa parokia yetu alitujia akiomba cheti cha ubatizo cha mwanawe, anayetarajia kufunga ndoa. Karatasi aliyoshika iliandikwa jina la Mtakatifu msimamizi wa parokia ya huko, kisha “Portland, Marekani”, basi. Tukamwuliza, “Portland ipi, mama?” Akatutazama kwa mshangao. “Kwani ziko ngapi, Baba?”

Tukamweleza kwamba liko Jimbo la Portland lililoundwa mwaka 1853, ambalo ni Maine yote, na liko Jimbo Kuu ambalo tangu mwaka 1928 huitwa rasmi Portland katika Oregon. (Kiswahili chetu nacho hakikutusaidia: Maine ni jimbo la serikali, na Portland ni Jimbo la Askofu!) Simu ya kijana ilikuwa haipatikani tangu Jumapili, na siku ya ndoa inakaribia. Cheti kikipotea njia, ndoa husimama. Na ndoa ikifungwa, taarifa yake hurudi kuandikwa katika daftari letu la ubatizo, maana ndilo linaloshuhudia kama mtu yu huru kuoa.

Mama alisema kijana anaishi na Wakongomani, na hujumuika nao kusali kwa Kiswahili. Hilo lilitupeleka kwanza Maine. Mwezi Juni 2019 mamia ya watu, wengi wao wa kutoka Kongo na Angola, walifika Portland ile kwa mabasi baada ya safari ya kutisha kupitia misitu ya Amerika ya Kati, wakalazwa katika ukumbi wa michezo. Wengi walianzia safari ya basi San Antonio, mji wenye jina la Mtakatifu tumwombaye atuonyeshe vilivyopotea. Lakini Wakongomani wako Oregon pia, kwa hiyo ushahidi huo haukutosha.

Mama ndiye aliyefumbua fumbo. “Hunipigia saa mbili usiku tukimaliza rozari,” alisema, “naye huwa ametoka kazini kidogo kula chakula cha mchana.” Tukahesabu. Mwezi huu wa Julai Maine iko nyuma yetu kwa saa saba, hivyo kwao huwa saa saba mchana. Oregon iko nyuma kwa saa kumi; huko ingekuwa saa nne asubuhi, na hatujasikia mwajiri awapaye watu chakula cha mchana saa hiyo. Tukaandika barua pepe upande wa Maine, na kesho yake tukajibiwa kwamba jina la kijana limo katika orodha ya wachumba wanaoandaliwa. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akatuomba tumwonyeshe mahali hapo katika ramani.

Basi, atakayehitaji barua au cheti kwa ajili ya ndugu aliyeko Marekani, aje na jina la jimbo la serikali pamoja na zile tarakimu tano za posta zinazotumika huko tangu mwaka 1963. Zikianza na 04, twajua ni upande wa Maine. Zikianza na 97, ni Oregon. Ofisi iko wazi baada ya Misa ya asubuhi.